Waigizaji wa Ireland waliofariki kwa Alzheimer: nani anastahili kuwemo kwenye orodha?

Kisa_na_Pazia

Habari zenu wadau. Natayarisha makala kuhusu waigizaji wa Ireland waliofariki kwa ugonjwa wa Alzheimer, na sitaki kumzulia marehemu ugonjwa ambao hakuwa nao. Mpaka sasa nina majina sita: Geraldine Fitzgerald, Godfrey Quigley, Cyril Cusack, Michael Gambon, Tom Hickey na Bryan Murray.

Yananitatiza mambo matatu. Kwanza, ni nani kati ya hao anastahili kuwemo? Pili, taazia nyingi hutaja nimonia, au husema tu "aliugua kwa muda mrefu", huku Alzheimer ikitajwa pembeni. Hapo sababu ya kifo ni ipi? Tatu, Ireland imekuwa na waigizaji wakubwa tangu Abbey Theatre ilipofunguliwa Dublin mwaka 1904, lakini sioni hata mmoja aliyeandikwa kufa kwa Alzheimer kabla ya miaka ya 1980. Ina maana ugonjwa haukuwepo?

Anayejua anisaidie kwa undani, tafadhali. Jibu la juu juu halitanifaa.

---

MtunzaNyaraka

Mkuu, kati ya hao sita wanaobaki ni wawili: Fitzgerald na Quigley. Wengine wanne kila mmoja ana sababu yake ya kutoka.

Geraldine Fitzgerald ndiye mwenye rekodi iliyo wazi kuliko wote. Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1913 huko Greystones, kusini mwa Dublin, akaanza kuigiza Gate Theatre mwaka 1932, akahamia New York mwaka 1938. Mwaka uliofuata akacheza Isabella katika filamu ya Wuthering Heights na kuteuliwa kuwania Oscar. Alifariki New York tarehe 17 Julai 2005 akiwa na miaka 91, baada ya kuishi na Alzheimer kwa muda mrefu. Ushauri wangu: usiishie kwenye Hollywood. Uongozaji wake wa Mass Appeal kwenye jukwaa la Broadway ulimpa uteuzi wa Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani, mwaka 1982, wakati wanawake walioteuliwa kwa uongozaji walikuwa wa kuhesabika, na mhusika mkuu aliyemwongoza alikuwa Mwairishi mwenzake Milo O'Shea. Muongozaji hubeba kichwani onyesho zima, mistari ya kila mtu na mahali kila mmoja anaposimama. Msomaji akilijua hilo, ataelewa ugonjwa ulimnyang'anya nini mama yule.

Godfrey Quigley alizaliwa Jerusalem tarehe 4 Mei 1923, baba yake akiwa ofisa katika jeshi la Uingereza, akakulia Ireland. Wapenzi wa sinema wanamfahamu kama kasisi wa gereza katika A Clockwork Orange ya 1971 na Kapteni Grogan katika Barry Lyndon ya 1975. Kwa watu wa jukwaa, kilele chake ni The Gigli Concert ya Tom Murphy pale Abbey mwaka 1983. Alicheza yule mjenzi tajiri anayetaka aimbe kama Gigli, mwimbaji wa opera wa Italia, katika onyesho linalopita saa tatu na ambalo sehemu kubwa ya maneno yake imekaa mabegani mwa watu wawili. Alifariki Dublin kwa Alzheimer tarehe 7 Septemba 1994, miaka 11 baada ya kazi hiyo.

Sasa wa kutoa.

Tom Hickey ndiye aliyecheza na Quigley katika The Gigli Concert hiyo hiyo, kwa hiyo majina yao yanakaa pamoja kwenye maandishi mengi. Hickey alifariki tarehe 1 Mei 2021 baada ya miaka kadhaa ya ugonjwa wa Parkinson, ambao ni ugonjwa mwingine.

Cyril Cusack, aliyezaliwa Durban mwaka 1910, alifariki London tarehe 7 Oktoba 1993 kwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Mgonjwa hupoteza nguvu za mikono, miguu, ulimi na mwishowe za kupumua, lakini kwa wengi kumbukumbu hubaki.

Michael Gambon ndiye anayewapoteza watu wengi zaidi. Alizaliwa Cabra, Dublin, mwaka 1940, familia ikahamia London akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2015 alisema hadharani kwamba ameacha jukwaa kwa sababu mistari haikai tena kichwani. Kuanzia hapo watu wakamwandikia Alzheimer. Lakini alikuwa amepimwa na kuambiwa sio Alzheimer, na hilo alilieleza mwenyewe. Alifariki Septemba 2023 kwa nimonia, akiwa na miaka 82. Asiwemo.

Bryan Murray jina lake linahusu jambo jingine kabisa: yeye aliutangaza ugonjwa akiwa bado kazini. Mtenge kwenye sehemu yake, usimchanganye na waliofariki.

Na kuna mtego mmoja ambao hujautaja: Rita Hayworth. Kifo chake cha tarehe 14 Mei 1987 kilihusishwa na Alzheimer, na kwa upande wa mama alikuwa na asili ya Ireland, kwa hiyo wapo watakaokushauri umweke. Alizaliwa New York, Mmarekani. Ukimruhusu yeye itabidi uruhusu nusu ya Hollywood.

---

Wodi_ya_Usiku

Nikujibu hilo la pili, maana ndilo linalowakosesha waandishi wengi.

Cheti cha daktari kinachoeleza sababu ya kifo kina sehemu mbili, na mpangilio huo unafuata kielelezo cha Shirika la Afya Duniani, Ireland ikiwemo. Sehemu ya I ina mistari inayoshuka: (a) ni kile kilichoua moja kwa moja, (b) ni kilichosababisha (a), (c) ni kilichosababisha (b). Kiini cha kifo ni kile kilichoandikwa kwenye mstari wa chini kabisa uliojazwa. Sehemu ya II ni kwa maradhi yaliyochangia lakini hayamo kwenye mnyororo huo.

Chukua mgonjwa wa kawaida wa Alzheimer aliyefika hatua ya mwisho. Mstari (a) utasema nimonia ya kupaliwa. Mstari (b) utasema Alzheimer. Mwandishi wa gazeti anasoma mstari wa juu, anaandika "alifariki kwa nimonia", na hajadanganya. Lakini takwimu za vifo zitamhesabu chini ya Alzheimer, kwa alama ya G30 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa toleo la 10. Kama Alzheimer imekaa Sehemu ya II, na mstari wa chini wa Sehemu ya I unasema saratani ya utumbo, huyo alifariki akiwa *na* Alzheimer, hakufa *kwa* Alzheimer. Viunganishi hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua jina likae wapi katika makala yako.

Kwa nini nimonia? Ugonjwa unaanza kwenye hipokampasi na maeneo yanayoizunguka, sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya. Nje ya seli hujikusanya mabonge ya protini iitwayo amiloidi, na ndani ya seli nyuzi za protini ya tau hujisokota mpaka seli inakufa. Uharibifu husambaa kwenye lugha, kisha kwenye utambuzi wa watu na mahali, na mwishoni kwenye mambo ambayo mwili huyafanya bila kufikiri. Kumeza ni mojawapo. Kumeza kunahitaji misuli mingi ifanye kazi kwa mfuatano: ulimi usukume, kimio kifunike njia ya hewa, koo libane. Mfuatano huo ukivurugika, mate na chakula huingia mapafuni kidogo kidogo, na mgonjwa hakohoi kwa nguvu ya kutosha kuvitoa. Ongeza kulala kitandani siku nzima na kupungua uzito, nimonia inakuwa suala la muda tu. Baada ya kutambuliwa ugonjwa, wengi huishi miaka 4 hadi 8. Wachache hufika 20. Ndiyo maana "aliugua kwa muda mrefu" mara nyingi ni kweli, ila hayo maneno yanafaa magonjwa mia moja na hayakupi ruhusa ya kuchagua mmoja.

Kuhusu Gambon, naunga mkono kumtoa. Kusahau kuna sababu nyingi: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, dawa za usingizi, usingizi unaokatikakatika kwa kukosa hewa usiku, viharusi vidogo vidogo, demensia ya Lewy, au uzee wa kawaida. Demensia ni jina la hali, yaani akili kushuka kiasi cha mtu kushindwa kujimudu. Alzheimer ni ugonjwa mmoja kati ya kadhaa zinazoileta hali hiyo. Mwandishi anayeandika "Alzheimer" kila anapoona mtu mzima amesahau, anatoa utambuzi ambao daktari hakuutoa.

---

MtunzaNyaraka

Niongezee hapo juu ya vyeti. Ireland rejesta ya vifo iko wazi kwa umma. Vifo vilivyopita miaka 50 unasoma picha ya ukurasa wa rejesta bure kwenye tovuti ya serikali ya nasaba, irishgenealogy.ie. Vya karibuni zaidi unaagiza nakala kutoka General Register Office iliyoko Roscommon, na cheti kamili ni euro 20. Utahitaji jina kama lilivyosajiliwa, mwaka na mahali pa kifo. Angalizo: waigizaji wengi wametumia jina la jukwaani maisha yao yote, na rejesta ina jina la kuzaliwa au la ndoa. Ukikosa mtu, mara nyingi tatizo ni hilo.

Quigley alifariki Dublin mwaka 1994, kwa hiyo cheti chake ni cha kuagiza. Fitzgerald alifariki New York. Rejesta ya Ireland haina habari naye, na jiji lile halitoi cheti cha kifo cha juzi juzi kwa mtu asiyehusika na familia. Kwake utategemea taazia za wakati ule na maneno ya familia yake. Cusack na Gambon walifia Uingereza, na huko yeyote anaweza kuagiza.

---

Wodi_ya_Usiku

Na lile la tatu, la miaka kabla ya 1980. Ugonjwa ulikuwepo. Jina ndilo halikuwa likitumika kwa wazee.

Alois Alzheimer alimweleza mgonjwa wake Auguste Deter mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, na Emil Kraepelin akaupa ugonjwa jina hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1910. Deter alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kwa hiyo kwa miongo mingi madaktari walilitumia jina hilo kwa watu wa chini ya miaka 65 tu. Mtu wa miaka 78 mwenye dalili zile zile aliandikiwa "uzee", "demensia ya uzeeni" au "kukakamaa kwa mishipa ya ubongo". Mwaka 1976 Robert Katzman aliandika kwamba hizo mbili ni ugonjwa mmoja, umri usitumike kuzitenganisha, na baada ya hapo vyeti vikaanza kubadilika. Alzheimer Society of Ireland yenyewe ilianzishwa mwaka 1982.

Ukitafuta waigizaji wa kizazi cha mwanzo cha Abbey, usitafute neno Alzheimer. Hutalipata hata kwa mtu aliyekuwa nao. Na ukikuta "uzee" kwenye cheti cha mwaka 1955, usigeuze kuwa Alzheimer, kwa sababu neno lile lilibeba pia viharusi, kushindwa kwa moyo na udhaifu wa kawaida. Acha kama lilivyo, kisha mweleze msomaji kwa nini orodha inaanza ilipoanzia.

---

Kisa_na_Pazia

Asanteni sana, haya ndiyo niliyoyataka. Nimewatoa Cusack, Hickey na Gambon. Swali lililobaki linahusu Bryan Murray: mtu mwenye Alzheimer anawezaje kusimama jukwaani? Mistari si ndiyo ya kwanza kuondoka?

---

Nyuma_ya_Jukwaa

Inategemea mistari ipi, ndugu. Hapo ndipo penye elimu.

Mwigizaji hakariri maneno matupu. Anakariri neno pamoja na hatua, kiti, mkono wa mwenzake, na pumzi anayoivuta kabla ya sentensi. Kazi aliyoicheza maonyesho mia mbili miaka thelathini iliyopita imeshakuwa mazoea ya mwili, na mazoea hayakai hipokampasi. Ndiyo maana mtu aliyesahau alichokula asubuhi anaweza kukutolea shairi la utotoni lote, beti kwa beti. Kinachoondoka kwanza ni uwezo wa kuingiza *mapya*. Tamthilia mpya, hata ya kurasa ishirini, inamshinda. Cha pili ni mahali: anajua maneno lakini hajui yuko ukurasa gani, na sentensi inayofanana na nyingine ya pazia la tatu humrusha huko huko. Cha tatu ni kujiokoa. Mwigizaji mzima akikosa mstari hubuni neno na kuendelea. Mwenye Alzheimer husimama kimya, na hofu huvifuta hata vile vilivyobaki.

Murray alikuwa anajulikana miaka mingi kwenye televisheni: Flurry Knox katika The Irish R.M., Trevor Jordache katika Brookside, kisha Bob Charles katika Fair City ya RTÉ kuanzia 2005. Mwaka 2022 akatangaza kwamba ana Alzheimer. Mwaka 2023 akasimama kwenye jukwaa dogo la Abbey, Peacock, katika An Old Song, Half Forgotten, tamthilia ambayo Deirdre Kinahan aliiandika kwa ajili yake, inayomhusu mwigizaji mwenye ugonjwa huo huo. Mhusika huyo wakati wa ujana wake alichezwa na Matthew Malone, wakigawana mzigo wa masimulizi, na Murray alipewa mistari kupitia kifaa cha sikioni.

Kifaa hicho kinafanya kazi hivi. Mwigizaji anatia kidude kidogo sikioni, na waya unaozunguka shingo chini ya nguo unapeleka sauti kwenye kidude hicho bila kuonekana. Pembeni ya jukwaa, au kwenye kibanda cha mitambo, anakaa mtu mwenye skripti na maikrofoni. Anamsomea mwigizaji mistari, mwigizaji anaisema kwa hadhira. Ukilieleza hivyo linaonekana jepesi, lakini lina masharti:

– Msomaji awe yule yule kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi. Ukibadilisha sauti wiki ya onyesho, umemletea mgonjwa mtu mgeni kichwani.

– Asome vipande vifupi, maneno manne hadi saba, akikata pale pumzi inapokatika. Kipande kirefu kinafika mwisho mwanzo wake umeshasahaulika.

– Asome bila hisia. Akiigiza yeye, mwigizaji ataiga lafudhi na kasi yake badala ya kutoa ya kwake.

– Kipande kinachofuata kitoke wakati cha sasa kinakaribia kuisha. Ukiwahi, sauti mbili zinagongana na mwigizaji anasikia ya sikioni kuliko ya mwenzake. Ukichelewa, linazaliwa pengo linalomtia hofu.

– Skripti ipunguziwe sentensi zinazofanana, na wenzake wafundishwe kumpa ishara kwa mwili: kumgusa bega, kumsogezea kiti.

– Betri mpya kila onyesho, kidude cha pili tayari mfukoni mwa mtu wa pembeni, na sauti ipimwe ukumbini watu wakiwa wamekaa, kwa sababu ukumbi mtupu unasikika tofauti. Kidude kiwekwe sikio linalosikia vizuri, lakini lisiwe lile linaloelekea wenzake muda mwingi.

Na bado kuna ambao kifaa hakiwafai. Kusikiliza, kusema na kutembea kwa wakati mmoja ni kazi tatu, na kugawa akili kwenye kazi tatu ndicho kitu ambacho ugonjwa hukiharibu mapema. Hata asiye na Alzheimer hushindwa: Gambon alikijaribu akaona hakitamfaa. Onyesho lake la All That Fall la mwaka 2012 lilichezwa waigizaji wakiwa na skripti mikononi, kwa kuwa lilikuwa tamthilia ya redio iliyoletwa jukwaani. Baada ya kuacha jukwaa aliendelea na filamu kwa miaka kadhaa. Kamera inahitaji sentensi chache kwa mkupuo, ukikosea mnarudia. Jukwaa linataka saa mbili mfululizo.

Kwa hiyo ukimwandika Murray, usimwandike kama muujiza. Andika waliofanya kazi: mwandishi aliyeitunga tamthilia ilingane na uwezo wake, mwenzake aliyebeba nusu ya mzigo, na aliyekuwa akimsomea sikioni.

---

Kisa_na_Pazia

Nimeelewa kabisa. La mwisho: filamu ya mwisho ya sinema ya Fitzgerald, Arthur 2, ilitoka 1988. Naweza kuandika kwamba ugonjwa ulimwanza hapo?

---

Wodi_ya_Usiku

Hapana. Mwaka 1988 alikuwa na miaka 74, umri ambao mwanamke haandikiwi nafasi nyingi kwenye filamu, mgonjwa au mzima. Tena mabadiliko ya ubongo hutangulia dalili kwa miaka mingi, na dalili hutangulia utambuzi, kwa hiyo hata daktari wake asingekutajia mwaka wa kuanza. Andika filamu ilitoka 1988, andika alifariki 2005 baada ya kuishi na Alzheimer kwa muda mrefu, na katikati usijaze kitu.